Anza na Chipu

Hii ni hotuba niliyoitoa Jumamosi iliyopita katika ukumbi mmoja mtaani Manyatta, Kisumu, mbele ya mafundi wa simu na televisheni, wanafunzi, na wapenzi wa gemu za zamani. Nimeiandika yote kwa ajili ya wale walioshindwa kufika. Picha nilizoonyesha ukutani nimeziacha.

Wazee wetu mliotuheshimu kwa kufika, akina mama, mafundi wenzangu wa Kondele na Kibuye, vijana mliopanda matatu alfajiri kutoka Kakamega, Busia na hata Nakuru: hamjambo? Asanteni sana. Jumamosi ni siku ya kazi kwa fundi, na kila aliyefunga kibanda ili aje hapa ameacha pesa ya siku. Nitajitahidi mrudi na kitu mkononi.

Nianze na swali. Ni nani kati yenu amewahi kufungua kaseti ya gemu akatazama kilichomo? Naona mikono. Michache, lakini ipo.

Mimi niliifungua ya kwanza nikiwa na miaka kumi na mmoja. Ilikuwa ya manjano, ya zile mashine za kuchomeka kwenye televisheni zilizojaa mitaani kwetu, nakala za Famicom, mashine ya gemu ya Japani iliyotoka mwaka 1983. Niliipasua kwa kisu cha jikoni cha mama. Ndani nilikuta kibao kidogo cha kijani, meno sitini ukingoni, na katikati tone jeusi la gundi, gumu kama lami iliyokauka. Basi. Hakuna namba, hakuna jina, hakuna mguu wa kushika. Niliumia sana siku ile. Nilitaka kujua gemu imekaa wapi, nikakuta mlango uliopigwa plasta.

Miaka mingi baadaye nilifungua nyingine, ya zamani zaidi, nikakuta chipu mbili zenye miguu, na mgongoni mwa kila moja namba. Nikaziandika zile namba kwenye daftari. Kila nilichojifunza tangu siku hiyo kimetoka kwenye zile namba.

Na mjue kaseti ilitoka wapi. Mwaka 1976 kampuni ya Fairchild huko Marekani ilitoa mashine iitwayo Channel F, ya kwanza ya nyumbani iliyotumia kaseti zenye programu ndani yake. Kabla ya hapo gemu ilifungiwa ndani ya mashine. Ukiichoka gemu, umeichoka mashine nzima. Mhandisi aliyeongoza kazi ya Channel F alikuwa Mmarekani Mweusi, Jerry Lawson. Namtaja makusudi. Kijana wa Manyatta au wa Bondeni kule Nakuru akiambiwa kazi hii si ya watu wetu, na amjibu kwa jina hilo.

Leo tunaweza kutengeneza kaseti zetu wenyewe, zenye gemu zetu wenyewe. Kuna dada ameketi mstari wa mbele hapa. Ameandika gemu ya ajua, ule mchezo wa mashimo na mbegu ambao babu zetu waliucheza chini ya mti, na inacheza kwenye Famicom. Ajua ndani ya kaseti! Mpigieni makofi. Ila alipokuja kwangu mara ya kwanza, gemu ilikuwa imemaliza miezi mitatu ndani ya laptopu yake, kwa sababu alikwama kwenye swali moja ambalo napigiwa simu kuulizwa kila wiki: ninunue programa gani?

Programa, kwa wale wageni, ni kile kisanduku kinachounganishwa na kompyuta kwa waya wa USB, chenye soketi ya wenzo juu yake. Unalaza chipu, unabana wenzo, unaiandika. Na jibu langu kwa swali hilo ni lile lile kila wiki. Anza na chipu. Usianze na mashine. Usianze na bei. Anza na chipu.

Kwa nini nalisisitiza hivi?

Kijana mmoja wa hapa Kisumu alikusanya pesa, akanunua programa ndogo iitwayo CH341A. Mafundi wa televisheni mnaifahamu vizuri. Ndiyo mnayotumia kurudisha programu kwenye bodi za TV na za kompyuta. Ni kidude kizuri, na bei yake ni ndogo. Akaja nacho kwangu akiwa na furaha, pamoja na chipu yake ya 27C512. Tukaiweka mezani. Soketi ya kidude ina matundu 16. Chipu ina miguu 28. Tulitazamana tu.

Sikilizeni tofauti yake, kwa sababu hapa ndipo pesa nyingi zinapotea. Chipu za familia ya 24 na 25, zile za miguu minane, zinatoa data kwa mfululizo, biti moja moja, kama abiria wanaoshuka kwenye matatu kwa mlango mmoja. Chipu za kaseti za zamani zinatoa biti nane kwa pamoja, au kumi na sita, kama basi lenye milango minane na yote imefunguliwa mara moja. Ndiyo maana zina miguu mingi: waya nane za data, waya nyingi za anwani, na waya za amri. CH341A imeundwa kwa ajili ya mlango mmoja. Hata ukiitafutia adapta, kile kibao cha kuunganisha chipu na soketi, haitakuwa na milango minane.

Kijana yule hakukosea kwa uvivu. Alikosea kwa kuanza na mashine.

Sasa, kuanza na chipu maana yake ni nini? Maana yake ni kujua kwanza gemu yako itachezwa kwenye mashine gani, na mashine hiyo inataka kumbukumbu ya namna gani. Famicom inataka chipu mbili: moja ya programu, moja ya picha. Gemu ndogo huwa na kilobaiti 16 au 32 za programu na 8 za picha. Game Boy ya mwaka 1989 inasoma kilobaiti 32 moja kwa moja. Ukizidi hapo unahitaji chipu ya pili ya kugeuza kurasa za kumbukumbu. Atari 2600 ya mwaka 1977 inaona kilobaiti 4 tu kwa wakati mmoja. Mega Drive ya Sega ni mnyama mwingine: inasoma biti 16 kwa pamoja, na inafika megabaiti 4 bila ujanja wowote.

Na namba za chipu zinasomwaje? 27C256 ni kilobiti 256. Biti, wala si baiti. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo gawanya kwa nane: kilobaiti 32. 27C512 ni kilobaiti 64. 27C010 ni megabiti 1, yaani kilobaiti 128. 27C040 ni megabiti 4, yaani kilobaiti 512. Nimeona mtu akinunua 27C256 kumi akidhani kila moja inabeba kilobaiti 256. Gawanya kwa nane kabla ya kutuma pesa. Tuko pamoja?

Haya. Tuingie kwenye umeme, na hapa naomba mnisikilize kwa makini kuliko mahali pengine popote.

Chipu ya EPROM, ile yenye dirisha la kioo mgongoni, ilibuniwa na Dov Frohman akiwa Intel, mwaka 1971. Kuisoma inatumia volti 5. Kuiandika, lazima uisukume kwa umeme mkubwa zaidi. Ukubwa upi? Inategemea chipu. Zile za 27C za kawaida zinataka kati ya volti 12 na 13. Za zamani zaidi zinataka 21. Na nyingine, kama 2716 na 2732 za mwanzo, zinataka 25.

Fundi mmoja wa Nakuru, mama anayeheshimika sana katika kazi yake, alichomoa chipu kwenye bodi ya mashine chakavu ya kiwandani. Alitaka kutengeneza kaseti ya Atari, na 2732 inabeba kilobaiti 4 kamili, saizi hasa aliyoihitaji. Akachagua 2732 kwenye orodha ya programu, volti 25, akabonyeza. Chipu ikafa. Alinipigia simu usiku, nikamwomba anisomee mgongo wa chipu taratibu, herufi kwa herufi. Mbili, saba, tatu, mbili, A. Ilikuwa 2732A. Hiyo A moja maana yake volti 21. Volti nne zilizozidi ziliiua chipu ambayo ilikuwa na umri mkubwa kuliko mwanawe wa kwanza.

Basi tazameni jinsi chipu inavyochagua mashine. Programa ya TL866A na ndugu yake TL866CS zinafika volti 21. TL866II Plus, iliyokuja baadaye na kuenea sana, inafika 18. T48 inafika 25. Umesikia hilo? Ya baadaye ilishuka chini ya iliyotangulia! Mtu akikuambia "nunua mpya, mpya ni bora", muulize: bora kwa chipu ipi? Ukiwa na 2716 za volti 25 ulizookota, TL866II Plus haitakufaa hata ikiwa mpya ndani ya boksi. Ukiwa hutagusa chipu za namna hiyo maishani mwako, volti 25 za T48 si sababu ya kuongeza pesa.

Na mimi nasemaje kwa anayeanza? Nasema waziwazi: achana na chipu za dirisha. Najua zinapendeza, na mimi nazipenda. Lakini kuzifuta unahitaji taa ya urujuanimno, dakika kumi na tano hadi ishirini kila unapokosea, na anayeanza anakosea mara nyingi. Taa yenyewe inaumiza macho na ngozi, na nimeona watu wakiiwasha ndani ya sanduku la viatu lenye matundu. Naomba msifanye hivyo, hasa nyumba yenye watoto.

Badala yake tafuta W27C512. Ina miguu 28 ile ile, kilobaiti 64, na inafutwa kwa umeme wa volti 14 ndani ya programa yenyewe, bila taa. Au tafuta SST39SF040, ya miguu 32, kilobaiti 512: hiyo ni flashi, chipu inayofutwa na kuandikwa kwa volti 5 tupu, haitaki umeme mkubwa hata kidogo. Kuna wadogo zake, SST39SF010A na SST39SF020A. Kwa chipu hizi, TL866II Plus inatosha kabisa. Na wenye laptopu za Linux msiogope. Kuna programu huria iitwayo minipro inayoendesha mashine za familia ya TL866.

Kwa wale watakaotumia dirisha hata hivyo, lifunikeni kwa karatasi isiyopitisha mwanga. Watengenezaji wenyewe waliandika kwamba jua la moja kwa moja linaweza kuifuta EPROM kwa muda wa wiki moja hivi. Nasi tuko Kisumu, ndugu zangu. Ikweta iko hapo karibu na Maseno. Niliwahi kuacha kaseti isiyo na ganda dirishani dukani kwangu ili wapita njia waione, na mvulana aliyeinunua alirudi nayo siku ya tatu akiwa na machozi. Kosa lilikuwa langu. Nilimwandikia nyingine nikamfunikia dirisha kwa stika ya betri.

Sasa adapta. Watu wanazidharau adapta. Wananunua programa ya bei nzuri, halafu adapta wanatafuta ya bei ya chini kabisa. Nami nasema kinyume: ukibakiwa na pesa kidogo, iweke kwenye adapta. Kwa nini? Kwa sababu adapta ndipo chuma kinapogusana na chuma. Zile za chipu nyembamba zenye miguu 48 iliyolala pembeni zinabana kwa vispringi vidogo sana. Vispringi vikichoka, mguu mmoja kati ya 48 unakosa kugusa, na unaanza kulaumu chipu, unalaumu programa, unalaumu stima, kumbe ni spring moja.

Zaidi ya hapo, adapta si zote zinafanana kwa undani. Kuna adapta inayopeleka mguu wa kwanza kwenye tundu la kwanza, wa pili kwenye la pili, moja kwa moja, bila kubadili chochote. Na kuna adapta iliyofungwa waya kwa ajili ya chipu fulani tu. Kwa macho zinafanana kama mapacha. Ukiipata adapta bila maelezo, chukua mita yako, weka kwenye mlio, pima mguu kwa mguu, chora kwenye daftari. Ni nusu saa ya kazi. Mimi sijawahi kujutia nusu saa hiyo.

Nawapa kisa cha Mega Drive, kwa sababu kinafundisha mambo matatu kwa mpigo. Mwanafunzi mmoja kutoka Kakamega aliandika gemu yake kwa SGDK, zana ya bure ya kutengenezea gemu za mashine hiyo. Akapata 27C322: megabaiti 4, biti 16, chipu moja inatosha. Chaguo zuri. Lakini 27C322 ina miguu 42, na soketi ya TL866II Plus ina 40. Miguu miwili inabaki nje.

Akanunua adapta. Adapta ile inaidanganya programa: inaifanya iamini imeshika 27C4096, chipu ya miguu 40 yenye kilobaiti 512. Halafu swichi ndogo pembeni zinachagua kipande kipi cha chipu kinachoonekana. Megabaiti 4 ukizikata vipande vya kilobaiti 512 unapata vingapi? Vinane. Kwa hiyo unaikata faili yako vipande vinane, unaandika cha kwanza, unabadili swichi, unaandika cha pili, hivyo hivyo hadi cha nane. Alisahau swichi kwenye kipande cha tano. Akaandika cha tano juu ya cha nne. Na hiyo ni chipu ya dirisha. Hakuna kufuta kipande kimoja. Ikarudi kwenye taa yote.

Akarudia, safari hii akiweka tiki kwenye karatasi kila alipobadili swichi. Vinane vyote sawa, uhakiki umepita. Akaweka kwenye mashine: kioo cheusi. Akaniletea. Nikamwuliza, uligeuza baiti? Hakujua ninachosema. Prosesa ya Mega Drive, 68000, inaweka baiti kubwa mbele. Programa inaweka baiti ndogo mbele. Kwa hiyo kabla ya kuandika lazima kila jozi ya baiti ibadilishane nafasi. Namna ya kutambua ni rahisi, nanyi iandikeni: fungua faili kwenye programu, nenda kwenye anwani 100 ya heksadesimali. Gemu ya Mega Drive ina neno SEGA mahali hapo. Ukiona SEGA limeandikwa sawasawa, hujageuza. Ukiona ESAG, uko tayari kuandika. Neno likiwa limepinda ndipo mambo yamenyooka.

Mara ya tatu ikawaka. Aliruka juu mpaka akagonga meza.

Na kabla hujanunua adapta yoyote, fanya jambo moja lisilo na gharama. Programu za mashine hizi hupatikana bure. Ipakue kwanza, hata kabla hujawa na programa. Fungua orodha ya chipu, tafuta namba ya chipu yako, usome inataka adapta ipi na uione kwenye picha inavyolazwa kwenye soketi. Isipokuwamo kwenye orodha, hifadhi pesa yako.

Nirudi kwa dada yetu wa ajua, maana kisa chake ndicho ninachokipenda kuliko vyote. Gemu yake ilikuwa na kilobaiti 16 za programu. Akaondoa zile baiti 16 za kichwa ambazo faili za gemu za Famicom huwa nazo mwanzoni, akatenga programu na picha, akaziandika kila moja kwenye W27C512 yake. Uhakiki ukapita. Kwenye televisheni, kijivu kitupu.

Tukakaa. Tukachora. Bodi yake ilitengenezwa kwa ajili ya 27C256. Kwenye 27C256 mguu wa kwanza ni wa umeme wa kuandikia, na kwenye bodi za aina hiyo mguu huo huwa umefungwa kwenye volti 5. Lakini kwenye 512, mguu wa kwanza ni waya wa anwani ya juu kabisa. Ukifungwa kwenye volti 5, mashine inaona nusu ya juu tu ya chipu. Na yeye gemu aliiweka wapi? Chini kabisa, mwanzoni. Mashine ilikuwa inasoma chumba kitupu, na gemu iko ghorofa ya chini inasubiri kuitwa.

Dawa yake? Akainakili gemu mara nne mfululizo mpaka ikajaza kilobaiti 64. Na faili ya picha, ya kilobaiti 8, mara nane. Mashine isome chini, isome juu, itaikuta. Saa nne usiku ajua ikatokea kwenye televisheni, mashimo na mbegu zake. Mama yake aliitwa kutoka jikoni. Akasimama, akatazama, akasema kwa Kiluo kwamba mbegu zinahesabiwa vibaya. Na kweli, kulikuwa na kosa kwenye programu! Dada akalirekebisha usiku ule ule, akafuta chipu, akaandika upya. Ndiyo maana nawaambia chipu za kufutwa kwa umeme. Kwa taa, tungelala.

Kuna la umeme jingine, na hili linaua mashine zenyewe, si chipu tu. Flashi nyingi zinazopatikana leo kwenye dekoda na ruta zilizokufa zinatumia volti 3.3. Mfano ni 29LV160: herufi LV ziwashtue. Famicom, Mega Drive na Game Boy ya kwanza ni mashine za volti 5. Programa itaiandika 29LV160 vizuri kwa adapta ya miguu 48. Uhakiki utapita. Utailehemu, itacheza, utafurahi, pengine utaiuza.

Lakini mashine inasukuma volti 5 kwenye miguu ambayo, kwa maelezo ya mtengenezaji, inaruhusiwa kupokea nusu volti tu juu ya umeme wa chipu yenyewe. Kijana mmoja alitengeneza kaseti hivyo. Ilicheza wiki kadhaa, kisha picha zikaanza kuchanganyikana, kisha ikanyamaza. Chipu haikusomeka tena kwenye programa yoyote. Tulishukuru kwamba mashine ilipona, kwa sababu chipu mbili zikivutana kwenye waya mmoja, inayoumia yaweza kuwa ile usiyoweza kuipata tena. Ukitaka kutumia chipu ya 3.3 ndani ya mashine ya volti 5, weka kirekebishi cha umeme cha kushusha volti 5 hadi 3.3, na katikati weka chipu za kupokezana kama 74LVC245, ambazo zikilishwa 3.3 zinavumilia volti 5 kwenye miguu yao ya kuingiza. Ni kazi zaidi na ni gharama zaidi. Kama huiwezi, tumia chipu ya volti 5. Usiuze kaseti inayoweza kuua mashine ya mtoto wa mtu. Hapo sitalegeza.

Wazee wanaonipa ishara ya saa, nawaona. Nimalizie na sokoni.

Chipu za kuokota ni nzuri, nami nimepata nyingi kwenye bodi chakavu pale Kibuye. Lakini angalieni. Bodi za zamani za kompyuta zina chipu ya mraba ya miguu 32, na kuna mbili zinazofanana kwa umbo. 39SF ni ya milango mingi, inafaa kaseti. 49LF ina umbo lile lile, miguu ile ile kwa hesabu, lakini inazungumza lugha nyingine kabisa na ubao wa kompyuta. Kwenye kaseti ya Famicom haitafanya lolote. Kijana mmoja alichomoa ishirini na tatu siku moja. Zilizofaa zilikuwa nne. Namba ziko mgongoni, someni kabla ya kuwasha moto.

Chipu za kununua nazo zina matatizo yake. Wapo wanaofuta namba na kuchapa nyingine. Zikifika, chukua pamba yenye asetoni, sugua mgongo; uandishi ukitoka kirahisi, shuku. Kisha weka kwenye programa: isome utambulisho wake, ikague kama ni tupu, iandike, ihakiki. Fanya hivyo kwa kila chipu, si kwa moja ya juu. Na programa ichomeke kwenye laptopu moja kwa moja, si kwenye kigawanyi cha USB chenye vitu sita, kwa sababu umeme ukishuka katikati ya kuandika utapata makosa yasiyoeleweka. Laptopu yenye betri pia itakuokoa stima ikipotea, na nyote mnajua inapotea.

Swali nililoletewa kwenye karatasi: je, niandike gemu za wengine niuze? Hapana. Kenya ina Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, na mwenye gemu ni mwenye gemu hata ikiwa ya mwaka 1985. Zaidi ya sheria, nina sababu yangu. Gemu za wengine tumezicheza miaka arobaini. Ajua tumeicheza kwenye kaseti mara ngapi? Mara moja, usiku ule niliowasimulia. Kuna cc65 ya kuandikia Famicom kwa lugha ya C, kuna GBDK ya Game Boy, kuna SGDK niliyoitaja. Zote ni bure. Andikeni za kwetu.

Pale mezani nimeweka TL866II Plus, T48, adapta tano, na mita. Mashine ya Famicom imewashwa, na dada ameleta ajua. Tuna ukumbi mpaka saa kumi. Nani amekuja na chipu mfukoni? Wewe hapo nyuma, mwenye koti la bluu. Njoo nayo hapa mbele, na utusomee namba ya mgongoni kwa sauti, herufi zote.